Swali la kwanza dirishani

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi, kabla sijafungua duka, hukaa nyuma ya kaunta na kufunga kifurushi. Ndani yake huwa na vidonge 30 vya amlodipini vya miligramu 5, vidonge vingine 30 vya losartani, nusu kilo ya majani ya chai, na dagaa wakavu ambao mama mkubwa huwachambua na kuwakaanga usiku wa kuamkia siku hiyo. Dawa nazitoa kwenye maboksi yake, kwa sababu boksi hula nafasi na huvuta macho, kisha nazitia katika soksi nyeusi ya kiume na kuisukuma katikati ya majani ya chai. Kifurushi hupewa dereva wa lori anayetoka hapa Moshi kwenda Tunduma, pale hupokewa na mwenzake anayevuka kuingia Zambia, na baada ya siku nane, kumi, wakati mwingine kumi na sita, hufika Johannesburg kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye presha yake naitibu kwa simu.

Naandika "naitibu" kwa aibu, maana mimi si daktari. Nimetoa dawa dirishani kwa miaka 23, na ninajua kuliko wengi kwamba dawa ya presha haitolewi kwa mtu ambaye hajapimwa, wala haiongezwi dozi kwa sababu mgonjwa amesema kwenye WhatsApp kwamba kisogo kinamgonga. Nilichofanya kwa muda huu wote ni kinyume cha yote niliyofundishwa. Nimekifanya kwa sababu kaka hana makaratasi, na mtu asiye na makaratasi hupanga ugonjwa wake kwa namna ambayo sisi wenye vitambulisho mfukoni hatuijui.

Alizamia mwaka 2011. Neno "kuzamia" lilikuwa la vijana waliojificha ndani ya meli pale bandarini, lakini siku hizi twalitumia hata kwa aliyeondoka kwa basi, akavuka mipaka minne na kuishia kwenye kibanda cha kunyolea nywele huko tunakokuita Bondeni. Kwa miaka ya mwanzo hakuwa na shida na zahanati za kule. Katiba ya Afrika Kusini, katika kifungu cha 27, inasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikusema "kila raia". Sheria yao ya afya ya mwaka 2003 ikaongeza kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 6 watibiwe bure katika vituo vya umma, na huduma za msingi za zahanati zikawa bure pia. Kaka alikuwa akipanga foleni alfajiri, anapimwa, anapewa dawa za mwezi mzima, anakwenda kazini.

Kilichobadilika hakikuwa sheria. Katikati ya mwaka 2025 watu wa kundi linaloitwa Operation Dudula, na makundi mengine yenye msimamo kama wao, walianza kusimama kwenye mageti ya zahanati na hospitali katika majimbo ya Gauteng na KwaZulu-Natal, wakimtaka kila anayeingia aoneshe kitambulisho cha Afrika Kusini. Hawakuwa wauguzi wala polisi. Aliyeshindwa kuonesha alirudishwa, akiwa mjamzito, akiwa na mtoto mgongoni, akiwa na kadi ya dawa za VVU mkononi. Kaka alifika mara moja, akaona kundi limesimama, akapita na njia kama mtu anayekwenda dukani. Ilipofika Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ililikataza kundi lile kudai vitambulisho vya watu na kuwazuia wasipate huduma za afya, nami kwa furaha nikamtumia habari hiyo siku ileile. Jibu lake lilikuwa fupi: "Dada, nikifika getini nimwoneshe nani hiyo hukumu?"

Hajarudi zahanati mpaka leo.

Kwa muda mrefu nililisimulia jambo hili kama habari ya ubaya wa watu wengine. Kwenye kikoba chetu, kwenye daladala, hata kanisani baada ya ibada, nilikuwa msemaji mkubwa wa namna Waafrika Kusini walivyosahau kwamba Tanzania iliwapa ardhi pale Mazimbu na Dakawa wakati wa kupigania uhuru wao. Yote hayo ni kweli. Lakini nilikuwa nayasema nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa mkoani Kilimanjaro, mkoa wenye mpaka na Kenya kuanzia Holili hadi Tarakea na kwingineko, na mbele ya kaunta hiyo, kila wiki, walikuwa wakipita akina kaka wa watu wengine.

Nilipoanza kuwaangalia vizuri, niliwatambua kwa mwendo wao dukani. Mgonjwa wa kawaida anayekuja kununua dawa huanza na malalamiko: ametoka hospitali, ameandikiwa hiki na kile, hospitali hawana, hebu nimwangalizie bei. Asiye na makaratasi haji na cheti cha daktari. Huja na kopo tupu, au kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi ili jina la dawa libaki, akasema "nipe kama hizi." Hununua nusu dozi ya antibiotiki na kuahidi kurudia nusu nyingine. Ukimwambia dawa mseto ya malaria humezwa baada ya kipimo, huitikia kwa adabu, halafu huenda duka la tatu mbele. Hakai kwenye benchi. Ukimuuliza anaishi mtaa gani, hutaja mtaa mkubwa, Majengo au Njoro, bila kusema upande wala jirani ya nani. Maduka ya dawa ndiyo hospitali ya watu hawa, na sisi tulio ndani yake ndio madaktari wao, jambo ambalo halipaswi kumfurahisha yeyote anayejua tunachokijua na tusichokijua.

Huwa tunawaita "wahamiaji haramu". Ndivyo redio inavyosema, ndivyo magazeti yanavyoandika, na mimi pia nimelisema neno hilo mara nyingi bila kulifikiria. Katika lugha yetu haramu ni nguruwe kwa Mwislamu, ni mali ya wizi, ni riba. Na tunapolibandika kwa mtu, tunapata lile neno ambalo mama alitupiga kibao tukilitamka mbele ya wageni. Kuvuka mpaka bila kibali ni kosa, na kosa lina sheria yake. Lakini mtu akishaitwa haramu tangu redioni asubuhi, ni vigumu muuguzi wa zamu ya mchana kumwona kama mgonjwa mwingine tu. Mimi nimeamua kusema "asiye na makaratasi", kama wanavyojiita wenyewe.

Sasa niseme habari ya jirani yangu.

Anauza mitumba pale Memorial, nguo za watoto zaidi, na tumepanga vyumba vinavyotazamana kwa miaka tisa. Alizaliwa upande wa Taveta. Alikuja Rombo akiwa na miaka 17, ameolewa kimila na kijana aliyekuwa akija kwao kununua mahindi. Kwa hiyo aliondoka Kenya kabla hajafikia umri wa kuchukua kipande, yaani kitambulisho cha kule, na akafika Tanzania bila karatasi yoyote ya kumtaja isipokuwa kadi ya ubatizo iliyoliwa na mchwa. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia, lakini ndoa ile haikuwa na cheti, mume alifariki kwa ajali ya bodaboda, na shemeji zake hawakuwa watu wa kwenda kumtolea ushahidi ofisini wakati walikuwa wakimdai shamba. Watoto wake wawili ni Watanzania kwa baba yao na wana namba za NIDA. Yeye hana. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa hutoa vitambulisho vya aina tatu, cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi, na huyu mama si mmoja kati ya hao watatu.

Mtu anayesoma haya akiwa Dodoma au Dar es Salaam anaweza kuuliza kwa nini asivuke tu kurudi kwao kutibiwa, kwani Taveta si mbali. Huko nako hawamtambui. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010, na ambalo jumuiya yake ina makao makuu Arusha, mwendo wa kilomita 80 tu kutoka hapa nilipo, limewafungulia njia wenye hati. Kwa asiye na hati, mpaka ni uleule wa zamani, ila majengo yake yamekuwa mapya.

Mwaka 2024, kuanzia mwezi wa tatu hivi, alianza kukohoa. Nilimsikia usiku kupitia dirishani. Mwanzoni aliniomba dawa ya kifua, nikampa ya maji. Baadaye akaomba antibiotiki, nikampa, na hili nalijutia. Alipofikisha wiki ya tisa, gauni lake la Jumapili lilikuwa likimning'inia mabegani kama lilivyoning'inia kwenye henga pale kibandani kwake, ndipo nikafunga duka saa nne asubuhi na kumshika mkono mpaka kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja.

Binti wa mapokezi alikuwa mpole. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mtu hunyimwa huduma na mtu mkali. Alisema "Shikamoo mama," akauliza jina, akaandika. Akauliza umri, akaandika. Kisha, vidole vikiwa juu ya kibodi na macho kwenye kioo cha kompyuta, akauliza: "Namba ya NIDA?"

Jirani yangu alisema, "Nimeiacha nyumbani."

"Basi namba ya simu, mama, tutaitafuta."

Hapo akaniangalia. Laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mwanawe, kwa sababu tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwanzoni mwa mwaka 2020, asiye na namba ya NIDA hana laini iliyo yake. Hana pia akaunti ya fedha kwenye simu kwa jina lake, na vituo vingi siku hizi havipokei noti mkononi; hukupa namba ya malipo, ukalipie kwa simu au kwa wakala. Yote haya yalifanywa kwa sababu nzuri, kuzuia wizi wa mapato na utapeli, nami nayaunga mkono. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nikaona namna kila kitu kilivyofungwa kwenye kamba moja, na yule asiyeishika kamba hiyo hana pa kuanzia. Alimwambia binti, "Naomba nikaichukue, narudi sasa hivi." Tulipotoka nje aliketi kwenye ukingo wa mtaro akakohoa mpaka machozi, kisha akasema twende nyumbani.

Sijui kama binti yule angemrudisha. Huenda angeruka kipengele hicho na kuendelea, kwa maana wengi hufanya hivyo kila siku kwa bibi vizee wanaotoka vijijini bila namba. Huenda swali lilikuwa la bima tu, kwa kuwa usajili wa bima huanza na namba hiyo. Hakuna aliyemnyima huduma. Swali lenyewe lilitosha. Kwa mtu ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini amelala akijua kwamba karatasi ndiyo itakayomtoa kwa wanawe, dirisha linalouliza karatasi kabla ya ugonjwa ni dirisha la Uhamiaji, hata kama aliyekaa ndani yake amevaa koti jeupe.

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari anaishi Houston, na nilipomsimulia alicheka kicheko kisicho na furaha. Huko kwao swali hili limewekwa rasmi. Gavana wa Texas alitoa amri Agosti 2024, na kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka huo hospitali zikatakiwa kuwauliza wagonjwa kama wapo Marekani kihalali, ili jimbo lihesabu gharama. Mgonjwa ana haki ya kutojibu, na hospitali inapaswa kumwambia kwamba jibu lake halitabadilisha matibabu. Isitoshe, sheria ya nchi nzima ya mwaka 1986 inailazimisha hospitali yenye idara ya dharura kumchunguza na kumtuliza kila anayefika, awe na fedha au asiwe nazo. Kwa maandishi, basi, hakuna aliyefungiwa mlango. Rafiki yangu anasema kwamba mama wa Kihonduras anayefanya naye usafi maofisini alisikia swali hilo kwa jirani, wala si hospitalini, na tangu siku hiyo anajitibu kwa chai ya tangawizi.

Houston hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha bei ya kuchelewa. Mtu ambaye figo zake zimekufa husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mahali ambapo fedha za umma humlipia asiye na makaratasi dharura tu, husubiri nyumbani mpaka maji yajae mapafuni au chumvi za damu zikaribie kusimamisha moyo, ndipo anakimbizwa, anasafishwa, na kurudishwa nyumbani kusubiri tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha wagonjwa wa namna hii wa Denver na Houston na wenzao wa San Francisco waliokuwa wakisafishwa kwa ratiba, ukaona kwamba ndani ya miaka mitano hatari ya kufa ya wale wa dharura ilikuwa zaidi ya mara 14. Mwaka uliofuata jimbo la Colorado, ambako ndiko Denver iliko, liliamua kulipia ratiba ya kawaida. Ugonjwa ni uleule na mashine ni zilezile, ila walibadilisha maana ya neno "dharura".

Narudi Moshi. Wiki mbili baada ya siku ile ya mtaro, jirani yangu alikohoa damu kwenye kanga. Nilimpigia muuguzi mmoja niliyemfahamu kwa kazi, anayehudumu kwenye kliniki ya kifua kikuu, nikamweleza yote, likiwemo la makaratasi. Alininyamazisha katikati: "Mlete na makohozi ya asubuhi."

Nimekaa na kuitafakari tofauti ya madirisha haya mawili mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Kule kliniki ya TB mapokezi yalikuwa meza ya mbao chini ya turubai, kwenye upepo. Muuguzi alimpa kikopo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekohoa kwa muda gani?" La pili, "Unalala na nani chumba kimoja?" La tatu, "Kuna mtoto chini ya miaka mitano hapo nyumbani?" Hakuuliza anatoka wapi. Makohozi yalipelekwa kwenye mashine, majibu yakatoka siku hiyohiyo, dawa zikaanza kesho yake: miezi miwili ya dawa nne, miezi minne ya dawa mbili, bila kulipa hata shilingi. Wiki haikuisha kabla mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii hajafika kwenye vyumba vyetu kutupima wote, na mjukuu wa miaka mitatu akaanzishiwa dawa za kinga. Serikali iliyokuwa haimjui kwa namba ilimfuata hadi mlangoni kwake, ikamsihi ameze.

Sababu yake haina fumbo. Mdudu wa TB haulizi uraia, na mkoa huu unalijua hilo tangu mwaka 1926, Hospitali ya Kibong'oto ilipoanza kule Siha kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Mtu mmoja asiyetibiwa ni hatari kwa mtaa mzima. Kwa hiyo mtaa mzima unamgharimia. Waingereza hufanya vivyo hivyo. Kwenye hospitali za umma za Uingereza asiye na kibali hutozwa asilimia 150 ya gharama, hata kwa kujifungua, lakini TB hutibiwa bure, na VVU pia tangu mwaka 2012. Ukiangalia vizuri utaona kwamba orodha ya yanayotibiwa bila kuulizwa makaratasi, hapa na kule, ni orodha ya yale tunayoyaogopa kutupata sisi.

Hili ndilo ninalotaka kulisema katika maneno yote haya. Tumeshaambiwa mara nyingi kwamba haiwezekani kumhudumia mtu ambaye mfumo haumtambui: ataandikwaje, atafuatiliwaje, atalipiwa na nani? Kliniki ya TB imejibu maswali hayo yote kwa daftari na kalamu. Inawezekana, na tunaifanya kila siku katika jengo lilelile ambamo, korido ya pili, tunasema haiwezekani.

Mama mmoja wa kikoba aliponisikia nikisema hivi alinijibu kwa hoja ambayo siidharau. Alisema, "Dada, sisi wenyewe hatutoshi. Mwanangu amelala chini wodini, unanieleza habari za mtu wa Taveta?" Ni kweli hatutoshi. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, na sote tunajua safari ya kutoka kwenye sheria hadi kitandani ni ndefu. Sidai jirani yangu atibiwe bure kila ugonjwa. Amelipa ushuru wa soko kila siku ya biashara kwa miaka yote hii, analipa kodi katika kila mfuko wa sukari anaonunua, na siku ile dirishani alikuwa na fedha taslimu ameifunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa tayari kulipa. Kilichomtoa pale ni swali, na kuondoa swali hakuhitaji bajeti.

Italia waliliona hilo mapema. Sheria yao ya mwaka 1998 inampa asiye na kibali namba ya muda ya matibabu, ya miezi sita na inayoweza kuhuishwa, na inawakataza watumishi wa afya kumripoti. Ujerumani ni kinyume chake, kwa kuwa ofisi ya ustawi wa jamii inayoombwa kulipia matibabu yasiyo ya dharura inapaswa kuwajulisha wahamiaji, hivyo mgonjwa hujihesabia mwenyewe na kubaki nyumbani. Afrika tunao Mkataba wa Haki za Binadamu na Watu, ulioanza kutumika Oktoba 1986, ambao ibara yake ya 16 inampa kila mtu haki ya afya bora anayoweza kuifikia. Mahakama inayousimamia ipo Arusha. Ni mahakama hiyo iliyoamua, Machi 2018, shauri la mwanamume aliyekwenda polisi Babati mwaka 2012 kufuatilia taratibu za ndoa yake na kuishia kuvuliwa uraia, kufukuzwa nchini, kukataliwa na Kenya pia, na kuachwa kwenye ardhi isiyo ya mtu kule Sirari. Ilisema alinyang'anywa uraia kiholela. Ninalitaja kwa wale wanaodhani kwamba wasio na makaratasi ni watu wa mbali waliokuja juzi kwa lori. Mtu yule aliamka siku moja akiwa na pasi ya kusafiria, akaenda mwenyewe kituoni.

Jirani yangu alimaliza dozi mwishoni mwa mwaka 2024. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake wa dawa. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani nilimwona akimeza, nikaweka alama kwenye kadi. Alicheka sana wiki ya kwanza mkojo ulipogeuka rangi ya machungwa, akadhani ndio ugonjwa unatoka. Uzito ulipanda kutoka kilo 44 hadi 57. Siku ya mwisho muuguzi aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba amepona, akamrudishia kadi.

Kadi ile ameitia kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka chini ya godoro, pamoja na picha ya marehemu. Ina jina lake kamili, umri wake, mtaa anaokaa, na muhuri. Mwaka mmoja baadaye alinijia dukani nayo mkononi, akasubiri wateja watoke, akaniuliza kama nadhani inaweza kumsaidia kupata NIDA, kwa kuwa ni karatasi ya kwanza ya serikali yenye jina lake. Nilimjibu kwamba sidhani. Akaikunja kwa uangalifu kwenye mikunjo yake ya zamani.

Siku hiyo, kwa kuwa alikuwa amekaa na mashine ipo mezani, nilimpima presha. Ilisoma 168 kwa 104. Nilipima tena baada ya dakika kumi, ikawa vilevile. Nikamwambia aende hospitali, presha haichezewi, anahitaji daktari, kipimo cha mkojo na cha figo. Aliniuliza, "Kule kwa yule muuguzi wa TB?" Nikasema hapana, huu si ugonjwa wa kule, huu hauambukizi, itabidi tupite dirisha la kawaida.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kisha akaniuliza ninachompelekea kaka yangu Johannesburg ni kidonge gani.

Alhamisi ya pili ya mwezi sasa natoa pakiti mbili kwenye maboksi.